Kabla ya Kununua Kijiti Kipya: Kutafuta Ubovu wa Vitufe katika PSP ya Mtumba

Mtu akiniletea PSP ya mtumba, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, na kuniambia kwamba kijiti chake, kile kinachosukumwa kwa kidole gumba, kimekufa, swali langu la kwanza huwa ni mahali mashine hiyo inapolala usiku. Inayolala Malindi hapa mjini Unguja, katika chumba cha juu kinachotazama bandarini, huwa na maradhi tofauti na inayolala Fuoni, mbali na pwani, hata kama zote mbili zilishushwa katika katoni moja. Nimezifungua mashine hizi kwa miaka mingi, kwa ajili ya watoto wa mtaani kwetu na, mara nyengine, kwa ajili ya baba zao wanaojifanya wametumwa na watoto, na msimamo wangu ni huu: katika visiwa vyetu kijiti na vitufe hutangaziwa kifo mapema mno. Aghalabu kilichoharibika ni mahali kifaa kinapogusana na bodi, yaani ubao wa njia za umeme ulio ndani ya mashine, na kifaa chenyewe bado kina umri. Anayekimbilia kununua kijiti kipya hulipa fedha kwa jambo ambalo kitone cha spiriti kingelimaliza.

Ni vyema kukumbuka kwanza umri wa kitu tunachokizungumza. PSP ilianza kuuzwa Japani tarehe 12 Disemba 2004, ikafika Marekani mwezi wa Machi 2005 na Ulaya mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Ziliuzwa zaidi ya milioni 70 duniani, na Sony iliacha kuzisambaza mwaka 2014. Kwa hivyo hata ile iliyo changa kabisa, inayong'aa kwenye kabati la kioo la Darajani au Mlandege, imeshapita miaka kumi, na muuzaji anayekwambia, "Sheikh, hii mpya kabisa, haijatumika," anakusudia kwamba haijatumika tangu ilipomfikia yeye. Hasemi uongo sana. Nyingi zimekuja na shehena za mtumba kutoka Japani, Ulaya na Dubai, zimechanganywa na redio, pasi na chaja zisizo na wenyewe, na hakuna ajuaye ziliishi vipi huko zilikotoka.

Kutoka Japani linatokana kosa ambalo si ubovu hata kidogo, nami hulitaja mapema kwa sababu nimewaona watu wakiteremshiwa bei, na wengine wakifunguliwa mashine, kwa ajili yake. Katika PSP zilizotengenezwa kwa soko la Japani, kitufe cha duara ndicho kinachokubali na kitufe cha msalaba ndicho kinachorudisha nyuma, kinyume na zile za Ulaya na Marekani. Mtoto aliyezoea ya Ulaya hubonyeza msalaba ili aingie kwenye gemu, menyu inamrudisha alikotoka, naye anahitimisha kwamba kitufe ni kibovu. Bonyeza duara. Ikiingia, mashine ni nzima na ni Mjapani tu.

La pili ni swichi ya kuwashia iliyo ubavuni. Ukiisukuma juu inawasha, ukiisukuma chini inafunga vitufe vyote ili visibonyezwe bahati mbaya ndani ya mkoba. Taa ya kijani inaendelea kuwaka, skrini inaonekana, na hakuna kinachoitikia. Swichi hii ikiwa imelegea au ina uchafu huweza kubaki upande wa chini bila mtu kutambua, kwa hivyo vitufe vyote vinapokufa kwa pamoja, anza hapo. Vifaa kumi na zaidi havifi saa moja.

Baada ya hayo ndipo uchunguzi unapoanza, na sehemu yake kubwa hufanywa bila ya bisibisi. Menyu kuu ya PSP inatosha kujaribu vitufe vya mwelekeo, kimoja kimoja, polepole, kisha kwa haraka. Weka muziki, na vitufe vya mabegani, L na R, vitaruka wimbo mmoja kwenda mwengine, kwa hivyo utajua kama vinaitikia. Ama kijiti, pa kukipima ni ndani ya kivinjari cha intaneti kilichomo kwenye mashine, kwani huko ndiko kijiti kinakosogeza kishale juu ya ukurasa. Huhitaji mtandao. Fungua kivinjari, ondoa kidole kwenye kijiti, iweke mashine juu ya meza na utazame kishale. Muuzaji muungwana atakuachia uyafanye haya, na asiyekuachia ameshakujibu.

Hapo ndipo inapofaa kutulia, kwa sababu namna kishale kinavyokosea ndiyo inayotaja mahali penye ubovu. Ndani ya kijiti mna njia mbili za kaboni, moja kwa mwendo wa kushoto na kulia na nyengine kwa mwendo wa juu na chini. Kila njia hupitishiwa umeme mdogo kutoka ncha moja hadi nyengine, na juu yake huteleza mguu mwembamba wa chuma kadiri kidole kinavyosukuma. Pale mguu uliposimama ndipo panapoamua ni sehemu gani ya umeme itakayosomwa, na mashine huigeuza kuwa namba baina ya 0 na 255. Kijiti kikiwa kimetulia, namba hiyo inatakiwa iwe karibu na 128 kwa kila upande. Hakuna kijiti kinachorudi katikati kamili kila mara, hivyo watengenezaji wa gemu huacha eneo dogo kuzunguka katikati ambalo msogeo wake haujaliwi. Ndiyo sababu kijiti kile kile huonekana kizima katika gemu moja na kibovu katika nyengine, na ndiyo sababu ushahidi wa "lakini kwenye gemu ya mpira inacheza vizuri" sina haja nao.

Kishale kikitambaa kwa mwendo mmoja, upande mmoja, polepole na bila ya kusita, maana yake ni kwamba pumziko la kijiti limehama kutoka katikati: ama springi imechoka, ama kaboni imelika pale mguu unapokaa zaidi. Huo ni uchakavu wa kweli, na kusafisha hakutaurudisha ujana. Kishale kikitetemeka na kurukaruka unapokisogeza kijiti taratibu, kisha kikatulia, kuna vumbi au utando juu ya njia ya kaboni, na hapo pana matumaini. Kikiwa kinakwenda juu na chini vizuri lakini kushoto na kulia hakiendi kabisa, njia moja kati ya mbili haifikishi majibu yake kwenye bodi. Na kikikimbilia kona ya skrini na kung'ang'ania huko, basi kijiti nakishuku kwa mwisho kabisa.

Sababu yake ni namna kilivyounganishwa. Kijiti cha PSP hakikuchomelewa kwa risasi. Kinakaa mahali pake na kugusana na bodi katika sehemu nne tu: mbili za kuleta umeme na kuurudisha, na mbili za kupeleka majibu ya pande mbili. Katika PSP za mwanzo, zile nene za namba 1000, kazi hiyo hufanywa na kipande cha mpira unaopitisha umeme, kilichobanwa baina ya kijiti na bodi. Mguso wa kurudisha umeme ukikatika, pande zote mbili husoma namba ya juu kabisa kwa wakati mmoja, na kishale kinatupwa konani. Kwa hivyo jaribio langu la kwanza ni kuibana mashine: weka kidole gumba mbele, karibu na kijiti, na vidole vyengine nyuma, kisha finya kwa wastani huku ukitazama kishale. Kikirudi katikati unapofinya na kutoroka tena unapoachia, hukumu imekwisha, ubovu uko kwenye mguso.

Nasisitiza jambo hili kwa ajili ya hewa yetu. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani hadi kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapopindukia kiasi cha asilimia 75, na kila mwenye jiko hapa anajua jinsi chumvi inavyolowana ndani ya kopo wakati wa masika. Upepo wa kusi unapovuma hubeba chembe za maji ya bahari na kuzipitisha madirishani, na chembe hizo hutua juu ya kila kitu, pamoja na mashine iliyoachwa barazani. Zikiingia kwenye upenyo wa vitufe hubaki humo zikilowa usiku na kukauka mchana. Shaba iliyo wazi hugeuka kijani, na juu ya mpira unaopitisha umeme hutanda ute mwembamba usioonekana ila ukiuinamisha kwenye mwanga. Kwa macho ya haraka hakuna kilichovunjika wala kukatika, na ndipo fundi asiye na subira anaposema, "Tia chengine tu."

Kufungua si kazi ngumu, ila inataka utulivu na meza safi. Zima mashine kabisa, toa betri na chomoa chaja. Ukiona betri imevimba na kukisukuma kifuniko chake, usiitoboe, usiikandamize na usiirudishe. Tafuta nyengine, kwa sababu betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka, na shinikizo lake tayari ni sababu ya kutosha ya gamba kupinda. Tumia bisibisi ya nyota inayoingia barabara kwenye kichwa cha skrubu, kwani skrubu hizi ni laini na vichwa vyake huliwa mara moja. Hazina urefu mmoja. Mimi huchora umbo la mashine kwenye karatasi na kuichomeka kila skrubu mahali pake pa mchoro, na fundi atakayenicheka namkaribisha aziokote zikichanganyika. Mikanda myembamba inayounganisha vitufe na skrini na bodi hushikwa na vifungo vidogo vya plastiki ambavyo huinuliwa kwa ukucha. Mkanda usiuvute kabla kifungo hakijainuka.

Karibuni kaka mmoja aliyeshuka kutoka Wete, Pemba, aliniletea PSP ya mwanawe. "Ami, kitufe cha mraba hiki," mtoto aliniambia, "mpaka nikibonyeze kwa nguvu ndiyo kinasikia, na kidole kinaniuma." Nilipouinua uso wa mbele nilikuta pembeni mwa shimo la mraba mstari wa rangi ya kahawia uliokauka kama gundi, na chini yake ule mpira wa vitufe umenatana na bodi upande mmoja. Sukari. Wala sikuhitaji kuuliza ni ya nini, kwa sababu kifungu cha halua waliyonizawadia kilikuwa juu ya meza. Upande wa pili, karibu na tundu la skrubu ya chini, kulikuwa na ukungu wa kijani usiozidi upana wa punje ya mtama. Sukari ndiyo iliyomleta mtoto kwangu, lakini ukungu ule ndio ambao baada ya miezi michache ungekula njia ya shaba na kuimaliza mashine.

Kitufe hicho cha mraba, kwa bahati, kina historia yake. Mara tu PSP ilipotoka Japani palizuka malalamiko kwamba kilikuwa kizito kuitikia, kwani skrini pana ilichukua nafasi na mahali pa mguso hapakukaa sawasawa chini ya katikati ya kitufe. Kwa hivyo, katika mashine ya zamani kabisa kutoka Japani, mraba mzito peke yake si lazima uwe umechakaa.

Namna kitufe cha kawaida kinavyofanya kazi haina siri, na anayeifahamu hadanganyiki. Chini ya plastiki kuna mpira laini wenye kidonge cheusi cha kaboni, na chini ya kidonge kuna njia mbili zisizogusana. Ukibonyeza, kidonge kinaziunganisha. Ni mpango ule ule wa rimoti ya televisheni. Ukiwa na mita ya umeme, pima jinsi kidonge kinavyozuia umeme kutoka upande mmoja hadi mwengine: kizima husoma omu mia chache au pungufu, na kikianza kusoma maelfu ndipo mtu anapolazimika kubonyeza kwa nguvu. Kitufe kinachojibonyeza chenyewe ni kisa kingine. Huko hutafuti kaboni iliyochoka, unatafuta kitu kinachounganisha njia zile bila ya ruhusa, na kwetu huwa ni maji ya chumvi au plastiki iliyonata na kushindwa kuinuka. Vitufe vya jirani vinavyotumia mkanda mmoja vikifa kwa pamoja, viache vitufe na uuangalie mkanda.

Kwa kusafishia natumia spiriti ya duka la dawa na vijiti vya pamba vya masikio. Yenye asilimia 90 na zaidi ni bora. Ile ya 70 inafaa pia, ila robo yake na zaidi ni maji, hivyo inataka muda mrefu wa kukauka kabla ya betri kurudishwa. Mpira na vidonge vifutwe kwa upole, bila ya kusugua, maana kaboni ile ni tabaka jembamba. Kwenye sukari tangulia na kitambaa kilicholoweshwa maji kidogo, kisha malizia kwa spiriti, kwa kuwa spiriti haiyeyushi sukari vizuri. Palipo kijani pasuguliwe kwa mswaki laini. Sipendi petroli na sipendi thina kabisa: thina inayeyusha plastiki na kuondoa rangi, na mashine inatoka kwa fundi ikiitikia vizuri huku uso wake umebabuka. Mafuta ya kupuliza yanayolainisha bawaba ndiyo yanayonikera zaidi, kwa sababu siku ya mwanzo yanaleta nafuu. Kitufe kinateleza, mteja anashukuru, fundi analipwa. Kisha mafuta yanashika vumbi la barabarani na kufanya uji mweusi juu ya kaboni, na yule yule mteja anarudi kununua kijiti.

Kuna wanaopaka ncha ya penseli laini juu ya kidonge kilichochoka, na kuna wanaobandika kipande cha karatasi ya aluminiamu. Penseli naikubali kama tiba ya muda: ni kaboni juu ya kaboni, na mtoto atacheza sikukuu nzima. Aluminiamu inakwaruza njia za bodi na yenyewe inaota utando usiopitisha umeme, kwa hivyo naikataa.

Kijiti kikithibitika kimechakaa kweli, yaani kishale kinatambaa upande mmoja baada ya mguso kusafishwa na mashine kubanwa bila ya mabadiliko, hapo nunua kipya, na kwanza soma namba ya mashine yako nyuma. Kijiti cha 1000 hakiingii kwenye 2000 wala 3000, ambazo vijiti vyake hushikwa kwa skrubu mbili, na wauzaji huviweka vyote katika kikopo kimoja. Vinavyoletwa sasa ni vya kuigiza, vyengine vizuri, vyengine vinatoka kiwandani vikiwa vimeshapinda katikati, kwa hivyo kijaribu kabla ya kukaza skrubu: kiweke mahali pake, rudisha betri, washa, fungua kivinjari, tazama kishale. Inaniudhi kwamba ubovu huu wa kaboni kulika ulikuwa na dawa kabla PSP haijazaliwa. Edwin Hall aligundua mwaka 1879 jinsi sumaku inavyoathiri umeme unaopita ndani ya metali, na rimoti ya Dreamcast, mashine ya gemu ya kampuni ya Sega iliyotoka Japani mwaka 1998, ilisoma kijiti chake kwa njia hiyo, sumaku na kihisi visivyogusana, bila ya kitu cha kusuguana. Ni dawa ya gharama zaidi, na gharama ndiyo iliyoamua.

Wengi huniuliza kuhusu mchele, kama mashine iliyolowa izikwe ndani yake. Mchele hauvuti maji kwa kasi inayofaa, unaacha unga kwenye matundu, na kubwa zaidi hauondoi chumvi, ambayo ndiyo adui. Mashine iliyoanguka baharini Forodhani na kukaa wiki ndani ya gunia la mchele itatoka kavu na yenye chumvi ile ile, tayari kulowa tena masika yakifika. Toa betri papo hapo, fungua, suuza bodi kwa maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, kisha kwa spiriti, na uiache ikauke kwenye upepo wa feni. Kwa hifadhi ya kila siku inatosha kopo la biskuti lenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya chembe za kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Uvikusanye, na vikishiba unyevu uvianike juani mchana kutwa kabla ya kuvirudisha.